Asiyeitwa Uwanjani

Asubuhi ya siku ya kuwakumbuka askari, fundi cherehani alikuwa anaziba tundu kwenye sare ya mwanawe, upande wa kushoto wa kifua. Mwanawe alikaa kwenye benchi akimtungia uzi kwenye sindano, maana macho ya mama yameshachoka. Kijana huyo alikufa vitani zamani, akiwa na miaka ishirini, na bado ni wa miaka ishirini. Tundu lile huzibwa kila mwaka, na kila mwaka uzi huachia kabla ya jioni.

"Safari hii nimeweka kiraka," mama akasema.

"Asante, mama."

Utaratibu kila mtu anaujua. Marehemu wote wa jeshi hujipanga uwanjani, mwita majina anawaita kwenye kipaza sauti, na kila aliyeitwa anajibu "Nipo!" kisha anakwenda zake kupumzika. Waliopigania serikali iliyoangushwa hawaitwi. Wanasimama juani mpaka viti vikunjwe, halafu wanarudi kwa mama zao. Ndiyo hivyo, na hakuna anayeona haya.

Mwita majina ni mtoto wa dada yake fundi. Hata suti anayovaa siku hiyo kaishona fundi mwenyewe. Mama akamwahi nyuma ya jukwaa.

"Mwanangu, daktari ameshaniambia nijiandae. Mwite ndugu yako."

"Mama mdogo, jamani! Yule alibeba bunduki ya nani? Unataka nimsifu mbele za watu?"

"Nani kakwambia umsifu? Waliyoyafanya nayajua. Mkwe wangu anachechemea mpaka leo kwa virungu vyao, na binti yangu kaapa hakai nyumba moja na kaka yake. Nakuomba umwite tu, apumzike."

"Labda mwakani. Suala bado liko kwenye kamati."

Kamati! Kamati yenyewe ilianza mwita majina hajaota ndevu, na mpaka leo inakunywa chai.

Majina yakaitwa. "Nipo!" moja baada ya nyingine, uwanja ukapungua watu, wakabaki wale wale wa nyuma. Kipaza sauti kikazimwa. Mama akasimama akaita jina la mwanawe lote, mpaka la babu.

"Naam, mama," mwanawe akajibu. Akatoka mstarini, akaja kumbebea mkoba.

Akiitwa na mama, huja kwa mama. Wa kumwita aende ni serikali. Watu wakawapisha, na mmoja akawaambia waangalie wasijikwae kwenye kamba za hema.

Walipofika nyumbani kiraka kilikuwa kimeshabanduka.

"Nikifa, nyumba itakuwa ya dada yako," mama akasema. "Nani atakufungulia mlango?"

"Nitakaa nje, mama. Usijali."

Mama akafyonya. Akashika upande mmoja wa benchi, mwanawe akashika wa pili, wakalitoa nje hadi barazani na kulisogeza mpaka ukutani, mahali ambapo mvua haifiki.