Rangi Iliyofunga Pampu

Mama Akoru hakuitikia salamu yangu. Nilisema "Ejok" mara mbili, naye akabaki ameketi juu ya dumu tupu, mgongo ameuegemeza kwenye pampu iliyofungwa mnyororo.

"Leo umeleta rangi gani, daktari?"

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu niifungishe pampu hiyo, nje kidogo ya Kakuma. Kemikali niliyoibuni kwa miaka minne maabarani ilikuwa na kazi moja: kubaki ya manjano katika maji salama, na kugeuka zambarau ikikutana na floridi nyingi, ile inayopinda mifupa ya watoto. Chupa zangu zilivunjika njiani kutoka Lodwar, nikawaomba wanawake wanipe maji katika vyombo safi. Sampuli zote tatu ziligeuka zambarau. Ekaale, ofisa wa maji, akatia kufuli siku hiyo hiyo.

"Nimekuja kupima tena."

"Pima! Sisi tunachimba maji kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka. Mke wa ndugu yangu ana mimba ya miezi nane, anabeba maji kilomita kumi. Wewe unabeba nini? Kachupa."

Wanawake waliokuwa nyuma yake na madumu yao walicheka, lakini si kwa furaha. Ekaale, niliyekuja naye, alifungua kufuli akinung'unika. Nilikinga maji moja kwa moja mdomoni mwa pampu, nikatia matone. Manjano. Nikarudia mara tano, manjano.

"Siku ile mlinipa vyombo gani?"

"Vya maziwa. Ulisema safi kabisa, tukavisugua na majivu. Mgeni hapewi maji kwa dumu."

Hapo nikafahamu. Majivu yana alkali, na alkali huigeuza kemikali yangu kama floridi inavyoigeuza. Maabarani sikuwahi kuijaribu kwa majivu. Sikudhani kwamba usafi wa watu wa kwetu nao una kemia yake.

"Ekaale, acha wazi," Akoru aliamuru.

"Bila barua siwezi, mama. Yeye aliandika maji ni mabaya, yeye aandike ni mazuri."

Nilipiga goti, nikaandika juu ya kifuniko cha sanduku langu: "Maji ni salama. Kipimo kilipotoshwa na majivu yaliyokuwa ndani ya vyombo." Akoru aliinyakua karatasi, akaisoma polepole.

"Kwa hivyo makosa ni ya vyombo vyetu?"

"Ndivyo ilivyotokea, mama."

"Nani alivunja chupa? Nani alipima siku moja akaenda zake? Majivu hayakufunga pampu. Andika jina."

Nakala ya barua hiyo ingefika chuoni, na kazi yangu ya miaka minne ingeishia hapo. Ekaale alikuwa tayari ameurudisha mnyororo. Niliichukua tena karatasi, nikakata sentensi ya pili, nikaandika: "Mimi, Erupe Nanok, nilikosea. Kemikali yangu haitofautishi floridi na alkali. Isitumiwe."

Mnyororo ulianguka. Wanawake walisukuma madumu yao mbele hadi nikalazimika kurudi nyuma. Koo lilikuwa limenikauka. Nilinyoosha kikombe changu.

"Panga foleni," Akoru alisema, bila kunitazama.