Maneno ya Kapu la Tatu

Walimpa jina la utani Chiriku kwa sababu ya mdomo. Tangu utotoni alichonga kutwa kucha, na alipokua akapata kazi ya kumfaa: kupanga maneno kwenye ofisi ya kamusi. Mezani kwake palikuwa na makapu matatu. La kwanza lilikuwa la maneno ya kila mtu, kama maji, njoo na kesho. La pili lilikuwa la maneno ambayo watu wanayajua ila hawayatumii sana. La tatu lilikuwa la maneno adimu, yale ambayo ukiyatamka kwenye foleni ya benki watu wanageuka kukutazama. Mhariri mkuu alitaka kamusi ndogo ya mfukoni, kwa hiyo maneno ya kapu la tatu yalikuwa yanaachwa nje.

Nyumbani kulikuwa na mtihani mwingine. Baba yake, seremala tangu ujana wake, alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono ukarudi, mguu ukarudi, maneno yakagoma. Mtaalamu wa usemi pale hospitali alishauri waanze na mepesi, yale ya kila siku. Basi kila asubuhi mama alikaa mbele ya mumewe na kikombe mkononi.

"Sema chai, mume wangu. Cha-i."

Mzee alikaza shingo mpaka mishipa ikamtoka, kisha akageukia ukuta. Mama alitabasamu mbele yake, akaenda kulia jikoni.

Jumamosi moja mama alikwenda sokoni, Chiriku akabaki na mgonjwa. Alikuwa na kazi ya ofisini haijaisha, akatandaza kadi zake za maneno kitandani, karibu na miguu ya baba, akawa anazisoma kwa sauti. Kunyamaza hakukuzoea.

"Keekee. Chombo cha kutobolea mbao." Akacheka. "Hili nani analijua siku hizi?" Akaitupa kadi kwenye rundo la adimu.

"Keekee," ikasema sauti nzito.

Chiriku alimtazama baba yake. Mzee alikuwa ameinuka kwenye mto, macho yamemtoka, naye ameshangaa vilevile.

"Baba! Umesema nini?"

"Keekee!"

Labda alikuwa ameiga tu alichosikia. Akaokota kadi nyingine, mara hii akalificha neno, akasoma maana peke yake.

"Chombo cha kubana mbao isicheze unapoikata."

Midomo ya mzee ilitafuta. "Ji... ji... jiriwa."

"Kama shoka dogo, la kuchongea."

"Tezo!" Hilo halikusita hata kidogo. Akapiga godoro kwa kiganja. "Tezo! Randa! Patasi!" Mengine hata hayakuwa kwenye kadi.

Chiriku alitoka mbio peku mpaka barabarani. Mama ndiyo kwanza anakaribia geti na kikapu chake. Kumwona binti anakuja mbio vile, kikapu kikamponyoka, vitunguu vikatapakaa.

"Amekufa?"

"Anasema, mama! Anasema!"

Hakuna aliyeviokota vitunguu. Mama aliingia na viatu vyake mpaka chumbani, akasimama mlangoni anahema, huku mumewe anamtajia vifaa vya karakana kimoja baada ya kingine, kama anamsalimia. Mama alikaa chini sakafuni, akacheka na machozi yanamtiririka.

"Miezi yote hii namwimbia chai, kumbe mwenzangu anataka randa!"

"Mama, aliwahi kukuomba chai lini?" Chiriku aliuliza. "Si ulikuwa unamletea kabla hajafungua mdomo, tangu akiwa mzima?"

Mama akafikiri. "Kweli. Ila keekee! Nilikuwa naisikia hata jikoni, anavyowafokea vijana wake wa kazi wailete."

Hapo Chiriku akaelewa. Neno alilolihesabu adimu ndilo lililokuwa la kila siku karakanani. Jumatatu aliingia ofisini hata mkoba hajauweka, akamweleza mhariri mkuu yote kwa pumzi moja.

"Sasa unataka kamusi ya mfukoni au ya gunia?" mhariri aliuliza, lakini alikuwa anacheka, na tayari ameshavuta kapu la tatu upande wake. Waliketi pamoja wakaanza upya, na kila neno wakaliuliza: wewe ni adimu kwa nani?

Mtaalamu wa usemi naye alibadili njia. Alimwanzisha mzee kwenye vifaa, akamvusha kwenye kiti na meza, kutoka mezani wakafika kwenye sahani na maji. Hakuwa na haraka, na mzee hakugeukia ukuta tena.

Siku moja Chiriku anarudi kutoka kazini, akasikia kelele tangu nje.

"Mlango huu... nani... kautengeneza? Bawaba imepinda!"

"Wewe mwenyewe, mwaka ule wa mvua!" mama alijibu.

"Mwongo!"

Chiriku alisimama pale kizingitini, hakutaka kuingia haraka. Wazazi wake walikuwa wanagombana tena, kama zamani.