Mafuta Tu

Saa mbili asubuhi Wembe, mkata tishu wa hospitali, alitoa kwenye droo kipande cha nta kilichohifadhi uvimbe wa titi la dada yake. Akakata ukanda mwembamba kuliko ganda la kitunguu, akaulaza kwenye kioo, akautia rangi. Nta haikupungua. Mwaka mzima alikuwa anaikata, nayo ilibaki vilevile, kama sabuni ambayo haijaguswa.

Dada alikufa kwa sababu Daktari wa maabara aliandika "mafuta tu" badala ya saratani, bila kusogeza jicho kwenye hadubini. Wembe alikuwa amemwomba aangalie mara moja. Daktari alicheka.

"We kata, ndugu yangu. Kuangalia niachie mimi."

Basi kila asubuhi Wembe alichomeka kioo cha dada katikati ya vingine, na fomu yenye jina la marehemu. Kila asubuhi Daktari aliandika mafuta tu, akasaini.

Na kila saini ilichukua kitu mwilini mwa Daktari. Ilianza na gegedu, mfupa laini wa masikio, nayo yakalala juu ya kola. Ikaja kano ya kisigino, akawa anaburuta ndala. Misuli ya mapaja ikalegea, halafu ile ya tumboni inayosukuma chakula, kwa hiyo alichokula kikabaki hapohapo. Ngozi ilipoanza kuyeyuka, mfagiaji alimletea beseni la kukalia. Mkewe alilalamikia mashuka tu.

Mwishowe zikabaki neva za mkono wa kulia, macho na ulimi. Wembe akamsogezea hadubini.

"Daktari, jicho bado unalo. Angalia hiki kimoja, mimi nikome."

Daktari alitazama saa ya ukutani.

"Wembe, dada yako alikuwa na mafuta. Tusirudie mambo."

Akasaini. Kalamu ikadondoka, na beseni likajaa mafuta hadi ukingoni, meupe, kimya. Wembe alilifunika kwa gazeti, akaenda kunywa chai. Ilikuwa tamu.

Jumatatu ofisi ilileta muhuri mpya wa mpira: MAFUTA TU. Mfagiaji, kwa kuwa alikuwa karibu na meza, akaambiwa agonge. Kufikia saa nne alikuwa amemaliza fomu thelathini. Wembe alichungulia kioo cha tatu, cha mama mmoja muuza mboga. Hayakuwa mafuta. Alisema. Akajibiwa kwamba yeye ni mkataji.

Hakugomba. Aliuliza tu muhuri uliagizwa na nani, akavuta droo ya nta, akanoa kisu.