Uzi Mwekundu wa Bi Kifuniko

Wewe unayesoma, umewahi kumcheka mtu anayelia? Usikimbilie kusema hapana. Mimi nimewaona vijana wenye magwanda yaliyopigwa pasi na buti zinazong'aa wakimcheka mama aliyefiwa, na hawakuwa watu wabaya. Nitakueleza polepole, maana jambo hili ukilimeza haraka litakukwama kooni.

Mama huyo alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Watu walimwita Bi Kifuniko. Alikuwa mchekeshaji katika kundi lililozunguka kambi za jeshi wakati wa vita, likiwachangamsha askari kabla hawajapelekwa mbele. Mimi nilikuwa fundi cherehani, na nguo zake za jukwaani nilizishona mwenyewe, katika chumba changu cha dirisha moja. Gauni nililikata kwenye pazia kuukuu la maua makubwa, makubwa kama sahani. Ndani nikajaza matambara mpaka akawa na nyonga za watu watatu. Mguu mmoja alivaa kiatu, mwingine kandambili. Kiunoni alining'iniza kifuniko cha sufuria, mkononi akashika mwiko.

Hakuanzia jukwaani. Alitokea nyuma kabisa ya uwanja, akipita katikati ya askari kwa kuwasukuma, huku akigonga kifuniko: "Yuko wapi mwanangu? Aliniaga anakwenda kuchota maji, miezi mitatu sasa, na ndoo yangu hajarudisha!"

Hapo uwanja unalipuka. Anamshika askari mmoja sikio, anampandisha jukwaani, anamkagua. "Shingo hii unaiosha au unailima?" Sheria ya mchezo ilikuwa moja: chochote utakachoulizwa, jibu ni "Ndiyo, mama." Jitu zima lenye ndevu linasimama wima na kusema ndiyo mama, na wenzake wanaanguka kwa kicheko. Kisha anamkata kifungo kimoja cha shati na kukishona upya hapo hapo kwa uzi mwekundu. "Risasi ikikuona," anamwambia, "ijue una mwenyewe."

Mwisho analia kwa kumuaga. Kilio hicho ndicho kilichomfanya ajulikane kambi zote. Kilianza chini, kama maji yanayotaka kuchemka, kikapanda, kikapanda, halafu kikakatika kwa kwikwi moja, hik!, kama kuku aliyekanyagwa, kisha kikaendelea. Kwenye ile hik ndipo watu walipokuwa wakishika mbavu. Hawakujua kwamba hakukitunga. Alilia hivyo tangu utotoni. Akichapwa, mama yetu alikuwa akiitupa fimbo na kucheka. Mdogo wangu alichukua kilio chake mwenyewe akakitia kazini.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Baba wa mtoto aliondoka mimba ikiwa changa, akasema anaifuata kazi. Nadhani anaifuata mpaka leo. Kundi lilipomchukua, mtoto alikuwa bado anatambaa, na malori ya jeshi hayapakii watoto wachanga. Mama yake akamleta kwangu amefungwa katika khanga, na chupa yake na kijiko chake kidogo. Tulimwita Kinda, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa wazi saa zote kama kinda la ndege linalongoja kulishwa.

Mdogo wangu aliporudi safari ile ya kwanza, ndefu, Kinda alikuwa anatembea na kusema. Alijificha nyuma ya gauni langu, akauliza, "Mama, huyu nani?"

Nilifungua mdomo nijibu. Mdogo wangu akanitangulia. Alikunja uso, akatoa ulimi, akajigonga kichwa kwa kijiko. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. "Mimi ni mama yako mdogo," akamwambia.

Jioni hiyo, akinisaidia kukunja nguo, alisema, "Acha tu, dada. Ameshazoea. Akianza shule nitamwambia."

Alipoanza shule, akasema akimaliza. Alipomaliza, akasema, "Mtoto ana mitihani ya moyo sasa hivi, kapenda binti wa mwashi, nisimchanganye." Nami sikumsukuma sana. Jina lile la mama lilikuwa tamu masikioni mwangu. Ila niliona alivyokuwa anaumia. Wauza mboga walimwita mama, dereva wa kundi alimwita mama, askari wenye vitambi walimwita mama. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeongeza "mdogo".

Kisha Kinda naye akaingia jeshini.

Kambi yake haikuwa mbali, na kundi likapangiwa kwenda kuwachekesha siku moja kabla hawajaondoka. Mdogo wangu akaniomba tufuatane, nyonga zilikuwa zimefumuka. Nilimshona akiwa amesimama, nyuma ya turubai, sindano mdomoni.

"Leo nitamwambia," alisema. "Mchezo ukiisha tu. Namkalisha chini, namwambia."

"Umwambie kweli."

"Nimeshasema, dada. Unanichoma sindano."

Kinda alikuja kutusalimu kabla ya mchezo, amenyoa, masikio yamesimama kama mikono ya sufuria. Alikuwa na lake moyoni. "Mama mdogo, nakuomba. Usiwaambie kuwa sisi ni ndugu. Wale watanimaliza kwa utani."

"Nikuaibishe mimi? Mtu mwenye nyonga kama hizi?"

Akacheka, akaenda kukaa mstari wa nyuma kabisa. Lakini mdogo wangu alianzia nyuma, si nimekwambia? Alipopiga kifuniko na kuuliza mwanangu yuko wapi, wenzake Kinda wakamwinua kwa mabega. "Huyu hapa! Mpole wetu! Mchukue, mama!" Wakampitisha juu ya vichwa vyao mpaka jukwaani, kama gunia.

Mdogo wangu alipanda nyuma yake. Akamtazama. Akakaa kimya. Nilichungulia kwenye upenyo wa turubai, na askari wakadhani ukimya ule ni sehemu ya mchezo, wakaanza kucheka.

"Funga mdomo," akasema hatimaye, "nzi watapanga chumba."

"Ndiyo, mama."

Nilimwona akipepesa macho. Akamkagua masikio, taratibu, kuliko alivyowahi kumkagua askari yeyote. Akamkata kifungo cha pili kutoka juu, akatunga uzi. Mwanamke yule alikuwa akitunga uzi gizani ndani ya lori linaloyumba, siku ile mchana kweupe ukamshinda, akaulamba, akaulamba tena. Watu wanacheka. Alipomaliza kushona alikata uzi kwa meno, uso wake karibu kabisa na kifua cha mtoto, akauliza neno ambalo halikuwa la mchezo.

"Ukirudi, utanijua?"

"Ndiyo, mama!" akajibu Kinda kwa sauti ya gwaride, na uwanja mzima ukaitikia, "Ndiyo, mamaa!"

Akalia. Hik. Walipiga makofi mpaka vumbi likapanda.

Kinda alimwinamia sikioni. Nilikuwa karibu, nilisikia. "Umenivunja mbavu, mama mdogo."

Filimbi ikapulizwa. Safari ilikuwa imesogezwa, waondoke siku ile ile, malori yalikuwa yamekwisha washwa. Mdogo wangu alimfuata na gauni lile la pazia, kandambili ikamvuka njiani, akaendelea na kiatu kimoja. Askari kwenye malori wakazidi kushangilia: tazama Bi Kifuniko, anaendeleza mchezo! Kinda alimpungia mkono, kinywa wazi.

Alirudi ndani ya sanduku, kabla mvua hazijaanza.

Siku ya maziko kulikuwa na kiti kimoja mbele, cha mama wa marehemu. Nilimwambia, "Nenda ukae wewe."

"Nikawaambie nini watu, leo? Kaa, dada. Wewe ndiye umemlea."

Nikakaa. Yeye akasimama nyuma yangu, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Askari walikuwa wamejipanga mistari miwili, wengi wao walikuwa uwanjani siku ile. Udongo wa kwanza ulipogonga mbao, kilio kikamtoka. Kikaanza chini. Kikapanda. Nilijua kinachokuja, nikafumba macho.

Hik.

Mmoja alikohoa. Wa pili akauma midomo. Kisha kicheko kikapita mstari mzima, kile cha kubanwa, mabega yanatikisika, macho yanatoa machozi. Hawakupenda. Kilio kile kilikuwa kimewafundisha kucheka, na miili yao ilitii. Mdogo wangu aliwaona. Akajaza kilemba mdomoni, akakaa hivyo mpaka mwisho, bila sauti.

Kesho yake sajenti wao alikuja chumbani kwangu, kofia mkononi, kuomba radhi. Alileta pia vitu vya Kinda: wembe, kikombe cha bati, na shati. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa na uzi mwekundu.

"Nilimwamuru autoe," sajenti alisema. "Sare haina uzi mwekundu. Akanijibu, 'Afande, mama atanigombeza.' Nikamwadhibu, akaadhibiwa, na uzi hakuutoa."

Mdogo wangu aliinua kichwa. "Alisema mama gani?"

"Si wewe, mama? Bi Kifuniko. Ulikuwa utani wao, kikosi kizima. Kila alipopita yule, walikuwa wakisema, huyo hapo mtoto wa Bi Kifuniko, na yeye anacheka." Akageuka kwangu. "Samahani, mama mzazi. Ulikuwa utani tu."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameshika kifungo kile kwa vidole viwili, kama mtu anayepima joto la mtoto. "Sema," nikamwambia. "Mwambie."

Uso wake ulianza kukunjika kama siku ile alipojigonga kijiko, nikaogopa kwamba atafanya mzaha. Hakufanya.

"Mama mzazi ni mimi," alimwambia sajenti. "Nilitaka aniite mama, mara moja tu, bila mtu kucheka."