Uso wa Kushindwa

Waigizaji wana zoezi moja wasilolisema hadharani: kabla ya kwenda kwenye sherehe ya tuzo, hufanya mazoezi ya kushindwa. Kushinda hakuhitaji mafunzo. Lakini jina la mwenzako likitajwa, kamera inakugeukia wewe, na hapo ndipo kazi ilipo.

Ndiyo maana jioni ile Bi Mkubwa alikuwa amesimama mbele ya kioo chumbani kwake, akitabasamu, akipiga makofi, akilifuta tabasamu na kuanza upya. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa amepiga magoti akimalizia upindo wa gauni, pini mdomoni.

"Hili je?"

"Hilo la mtu aliyekanyagwa mguu," mume alisema bila kufungua meno.

Jina la Bi Mkubwa hakupewa na wazazi. Zamani aliigiza mke mkubwa katika mchezo wa jukwaani uliopendwa mno, na rafiki yake wa chanda na pete akaigiza mke mdogo. Tangu hapo hata muuza nyanya huwaita Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Wameazimana viatu, wameleleana watoto, na mmoja akisahau maneno jukwaani mwenzake humwokoa kabla watazamaji hawajashtuka. Sasa wote wawili walikuwa wanawania tuzo moja, ya mwigizaji bora wa kike. Bi Mkubwa hakuogopa kushindwa kama alivyoogopa kijicho chake mwenyewe. Alikuwa amekisikia tangu majina yalipotangazwa, na alimwomba Mungu Bi Mdogo asikione.

"Na hili?"

Fundi akainua macho, akatoa pini mdomoni. "Hilo hata mimi naliamini. Umelitoa wapi?"

"Limekuja tu."

Ukumbini waliwekwa meza moja. Watu walikuwa wakikumbatiana kwa tahadhari, poda isije ikahamia bega la jirani, na kila mmoja akimwambia mwenzake, "Naomba ushinde wewe." Hakuna aliyeamini. Msiwaite wanafiki, jamani. Hawa ni watu waliozoea kupigiwa makofi kila mmoja kwa zamu yake, na leo wamepangwa kwenye mizani kama vitunguu. Bi Mdogo alimshika mwenzake mkono chini ya meza.

Bahasha ikafunguliwa. Aliyeshinda alikuwa Bi Mdogo.

Bi Mkubwa akautoa uso wake. Tabasamu likaja polepole, kichwa kikainama kidogo, mikono ikafunguka. Ukumbi mzima uliuona kwenye skrini kubwa, watu wakasema yule mama ana moyo safi. Akamkumbatia mwenzake, akampisha. Bi Mdogo alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akatazama mezani. Uso ulikuwa bado upo. Akasahau yote aliyotaka kusema, akabaki na asante mbili tu, akashuka. Waliomwona walidhani furaha imemzidi.

Alimkuta Bi Mkubwa kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, ameshavua viatu.

"Mwenzangu, uso ule naujua," Bi Mdogo alisema.

"Uso gani?"

"Ule wa mlangoni, wa kwenye mchezo wetu. Wa kunikaribisha ndani huku ukijua asubuhi utanitoa. Nimeutazama kila Jumamosi, miaka na miaka. Leo umenitazama nao kweli."

Bi Mkubwa akapigwa na butwaa. Kumbe ndiyo maana fundi aliuamini: uso ule ulikuwa umeshakomaa kazini. Katika watu wote wa ukumbi ule ni mmoja tu ambaye hakupaswa kuoneshwa uso ule, na ndiye aliyemwonesha. Angeweza kukana. Tena angekana vizuri, ndiyo kazi yake.

"Nimekuonea wivu," alisema. "Nilitaka iwe mimi. Bado nataka. Nimeitafuta furaha kwa ajili yako moyoni sikuiona, nikashika kilichokuwa karibu."

Bi Mdogo akakaa ngazini, tuzo mapajani. "Inauma?"

"Sana."

"Mimi nilikuwa nimejiandaa kulia. Ungeshinda ningetoa machozi ya furaha. Nimefanya mazoezi bafuni wiki nzima."

"Hebu nione."

Bi Mdogo akakunja uso, midomo ikatetemeka. Bi Mkubwa akamkagua kwa jicho la kazi. "Nisingeamini. Mabega yamekaza." Wakacheka, kisha kicheko kikawaishia wote wawili kwa pamoja.

"Furaha yangu kwako itakuja," Bi Mkubwa alisema. "Nakujua na najijua. Ila leo haipo."

"Ikija unijulishe. Kabla ya hapo usinidanganye."

Kesho yake haikuja. Bi Mkubwa hakupiga simu, na Bi Mdogo hakumsumbua. Fundi aliuliza kama wamegombana, akaambiwa ashone. Siku zikapita, mpaka Bi Mkubwa alipokuwa jikoni anamenya viazi, akakumbuka jinsi mwenzake alivyopanda ngazi za jukwaa ameshika gauni kwa mikono miwili, kama mtu anayevuka dimbwi. Akashtukia amejawa na furaha. Mwenzake ameshinda! Akaweka kisu chini, akachukua simu kwa mikono ya majimaji.

"Imekuja," alisema.

Upande wa pili wa simu, Bi Mdogo alikuwa analia, vibaya, kwa kwikwi, na Bi Mkubwa akaamini.