Gari Lisilo na Dereva

Katika jangwa la Adrar, mkwe na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni adabu. Mkwe akimwona mzee wake anakuja, hujifunga kilemba mpaka machoni na kushika njia nyingine, hata kama hiyo nyingine ni ya miiba mitupu. Mbele yake hali, hanywi, hatamki neno. Deddahi alikuwa na miaka saba ya ndoa, na baba mkwe wake, mzee Lemrabott, hajawahi kuisikia sauti yake.

Sasa hebu fikiria siku waliyolazimika kupanda gari moja.

Hamath, mpima ardhi, alifika kambini asubuhi na habari kwamba imebaki pampu moja tu ya umeme wa jua. Itafungwa kwenye kisima cha maji matamu atakachokiandika kwenye ramani yake kabla ya alasiri. Baada ya hapo orodha imefungwa, na pampu inakwenda kwa wengine. Pale kambini kisima kilikuwa cha maji ya chumvi, na kina chake kiliwamaliza wanawake kwa kuvuta kamba. Kile kitamu, alichokichimba Lemrabott ujanani, kilikuwa mbali mchangani, kimeachwa miaka thelathini, na wote waliamini ni yeye tu anayejua njia. Gari la Hamath lilikuwa limevunja springi likifika kambini. Gari pekee lililobaki zima lilikuwa la Deddahi, na hakuna mwingine aliyejua kuliendesha.

"Utakwenda," alisema Mettou, mkewe, akimkazia kilemba usoni kwa viganja vilivyochubuka. "Na tukikosa maji kwa sababu ya hizo adabu zenu, usithubutu kuniomba chai."

Hamath alikaa katikati. Mzee akakaa dirishani, akautazama usukani kama mtu anayetazama kiti kitupu.

"Dereva hatuna," alisema. "Haidhuru. Bismillahi, gari, twende."

Hamath, aliyezaliwa kusini kando ya mto, akacheka. "Mzee, dereva si huyu hapa?"

"Mwanangu, mimi simwoni mtu."

Gari likaondoka. Mzee akaliongoza kwa maneno kama anayeongoza ngamia, kulia, kushoto, taratibu hapo, mpaka kikatokea kilima kikubwa cha mchanga kiitwacho Ajuza.

"Pita magharibi yake. Kisima kiko pale."

Deddahi alijua si kweli. Mwaka jana, akitafuta ngamia aliyepotea, alikiona kisima hicho kwa macho yake, na kilikuwa mashariki. Katika miaka hiyo Ajuza alikuwa amehama kwa upepo, akakipanda kisima, akakivuka polepole, akakiacha nyuma yake. Lakini angesemaje? Alisubiri mpaka wafike magharibi na mzee ashuke, akamnong'oneza Hamath.

Hamath naye, Mungu amsamehe, akatoa kichwa dirishani. "Mzee! Dereva anasema kisima kiko mashariki!"

"Dereva gani?" Lemrabott aliuliza. "Vilima vingine vinahama. Ajuza haendi popote, alikuwepo kabla ya babu yangu." Akapiga mchanga kwa fimbo. "Kiko hapa chini, kimefunikwa tu. Andika."

Hapakuwa na jiwe wala alama yoyote. Lakini jua lilikuwa limeshapanda, na Hamath hakuwa mtu wa kubishana na mvi. Akatoa kalamu.

Deddahi akapiga honi.

Hamath akaruka. Akatuliza karatasi, akaishusha kalamu tena. Honi ikalia tena.

"We gari, nyamaza!" mzee alifoka. "Watu wazima wanaongea."

Honi.

"Unanibishia? Mimi nilikuwa nakata jangwa hili wewe hujafuliwa hata bati!"

Honi, ndefu kupita kiasi.

"Gari halina adabu hili! Nani kalilea?" Akalisogelea, akalikodolea macho kwenye taa. "Unataka kuniambia Ajuza amehama?"

Honi fupi, ya heshima.

"Hapa chini ni mchanga mtupu, na kisima kiko mashariki?"

Honi mbili.

Mzee akashusha fimbo. Hamath, ambaye sasa alikuwa ameshaelewa mchezo, akasema kwa upole, "Tulifuate, mzee wangu. Likitudanganya, utalichapa fimbo."

Walizunguka Ajuza. Upande wa pili kulikuwa na duara la mawe, na juu yake gogo la mgunga lenye mifereji ya kamba. Lemrabott akalipapasa lile gogo. Alilichonga mwenyewe. Akatupa jiwe, wakasikia maji. Wakateremsha ndoo, wakaivuta, mzee akaonja akafumba macho.

"Andika," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Hamath akaandika. Bado alasiri haijafika. Deddahi alitamani kupiga kelele za furaha, lakini alibaki ameshika usukani, midomo imekauka ndani ya kilemba. Tangu asubuhi hajanywa tone.

Mzee akajaza bakuli. Akaja nalo hadi upande wa usukani, akaliweka juu ya boneti karibu na mlango.

"Gari lina kiu," alimwambia Hamath. Kisha akageuka, akaupa mlango mgongo, akasimama anamtazama Ajuza.

Deddahi akatoa mkono dirishani, akalichukua bakuli, akashusha kilemba, akanywa hatua mbili tu kutoka kwa baba mkwe wake. Maji yalikuwa baridi, matamu ajabu.

"Gari," mzee alisema, bado amelipa gari mgongo. "Miaka saba nataka kukwambia. Binti yangu alichagua vizuri. Sikupata njia ya kusema."

Deddahi akaweka kiganja kwenye honi ajibu, akashindwa kuibonyeza. Ndani ya gari kukasikika kwikwi.

Hamath akainua kichwa kutoka kwenye karatasi. "Mzee, mbona gari linalia?"

"Ni rejeta," Lemrabott alijibu bila kugeuka. "Inavuja."