Sala ya Mlango wa Nyuma

Mjukuu wangu tulimwita Chiriku kwa sababu ya kusema. Aliamka akisema, akala akisema, na usingizi ulimkuta bado ana neno mdomoni. Mama yake, binti yangu, ni fundi cherehani. Sisi watatu tuliishi katika vyumba viwili nyuma ya duka lake.

Nina kawaida yangu ya asubuhi. Kabla sijafagia, kabla sijabandika chai, nakaa kwenye kigoda chumbani, nanyamaza kidogo, kisha namtajia Mungu watu wangu kwa sauti, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Niliianza nikiwa bibi arusi. Nisidanganye, asubuhi nyingi imekuwa kavu kama kutafuna unga. Nimetaja watu huku nawaza sabuni imekwisha. Nimesinzia katikati nikaanza upya. Lakini nimekaa.

Chiriku ndiye alikuwa wa mwisho, na alilijua hilo. Alijificha nyuma ya pazia akingoja zamu yake. Nikimtaja tu, anaruka nje: "Nipo!"

"Wewe mtoto," mama yake alimkemea, "hapo anaitwa Mungu, huitwi wewe."

"Na Mungu akiuliza niko wapi je?"

Homa ilimchukua ghafla. Sitaki kuieleza zaidi ya hapo.

Asubuhi ya kwanza baada ya maziko niliamka, nikakaa, nikaanza kutaja. Mdomo ulikuwa unaijua njia bila mimi. Nilipofika mwisho nikamtaja Chiriku, nikageuza uso kwenye pazia. Nikangoja, kama ninavyongoja siku zote.

Binti yangu alikuwa kitandani, macho wazi. Aliniona nikingoja.

Hakupiga kelele. "Mama," alisema, "usisali tena humu ndani. Nakuomba."

"Sawa, mwanangu."

Nikahamia kizingitini, kwenye mlango wa nyuma, unaotazama ua na kamba ya nguo na pipa la maji. Nikasali kimya, midomo imefumbwa, ili asinisikie.

Tangu hapo tukaishi kama wapangaji wasiojuana. Maji yapo? Yapo. Chai nimekufunikia. Haya. Alishona tangu duka linafunguliwa mpaka macho yanamwuma, na akimaliza alilala akiupa ukuta uso. Sikuiogopa huzuni yake, ilikuwa haki yake. Niliogopa kwamba ameanza kufunga milango. Amefunga wa kwa Mungu, sasa anausukuma wangu, na siku moja nitampoteza naye angali hai, tunakula meza moja.

Mbele ya duka, chini ya kibanda cha bati, kuna kijana mpiga pasi. Ana mdomo mchafu wa utani. "Bibi, mahari yangu umeipeleka wapi? Nakungoja nizeeke?" Ndivyo anavyonisalimu. Baada ya msiba utani ulikatika, akawa anainamisha kichwa tu. Nikagundua kitu. Kila mama aliyekuja ameshika sare ya shule mkononi, au kigauni cha kupunguzwa, yule kijana aliiacha pasi yake akamkimbilia hata kabla hajavuka mtaro. "Za watoto siku hizi hatushoni hapa, mama. Mpelekee yule fundi wa karibu na famasi, mzuri sana." Akimaliza anarudi kwenye pasi yake kana kwamba hakusema kitu. Hakumwomba mtu ruhusa, wala binti yangu hakujua. Alidhani tu kazi za watoto zimepungua.

Nikimfikia kijana huyo kwenye sala zangu za kimya, nilikawia.

Asubuhi moja binti yangu alitoka kuchota maji, akanikuta nimekaa. Siku nyingine hunipita. Siku hiyo alisimama na ndoo tupu mkononi.

"Mama, hivi anakujibu nini?"

"Nani?"

"Huyo unayekaa naye hapo."

Nilitaka kumpa jibu zuri. Ninayo mengi, kila aliyekuja msibani alituachia lake. Nikamwangalia usoni, yakaniishia.

"Hanijibu kitu."

"Hata kidogo?"

"Tangu tumzike mtoto, hapana. Nakaa hapa ni kama mtu anabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kuna siku namkasirikia. Na nikifika kwa Chiriku sijui nimwombee nini. Kupona hahitaji tena, kukua hakui. Basi nabaki hapo hapo."

Aliiweka ndoo chini polepole.

"Mimi nilidhani wewe na Mungu mmeshapatana," akasema. "Nilikuwa nakuchukia, mama. Nakuona umetulia hapa kila asubuhi, nasema, huyu ameshamaliza kumlilia mwanangu. Ameshakubali."

"Nimetulia kwa sababu magoti yanauma."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama kikohozi. Kisha kikageuka, akashika fremu ya mlango, akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata makaburini. Sikuweza kuinuka haraka, kwa hiyo nilimshika kilichokuwa karibu, mguu wake, nikaukumbatia shavuni kwangu. Na mimi nililia. Tulikuwa hatujalia pamoja tangu tuanze kulia.

Alipopata pumzi akauliza, "Sasa kama hajibu, unakaa ya nini?"

"Sijui, mwanangu. Leo nimekaa. Kesho nitajaribu tena kukaa."

"Basi?"

"Basi. Hata alipokuwa ananijibu sikuwa najua zaidi ya hapo."

Akachukua ndoo yake, akachota maji, akaingia.

Kesho yake nilifuta vumbi la kizingiti upande wa pili, nikaacha nafasi. Hakuja. Wala siku iliyofuata. Nilimsikia ndani akikanyaga cherehani kabla hata jua halijapanda, nikaumia, nikasema moyoni yale machozi ya mlangoni yalikuwa ya siku moja tu. Nilitaka kwenda kumwita. Nikajizuia. Mimi mwenyewe nani aliniita? Nilikaa na kukaa mpaka nikakoma kusikiliza nyayo zake kila nikifumba macho, na hilo peke yake lilinichukua muda mrefu.

Halafu alikuja. Hakusema ataomba. Alikuja na shati la mteja lililong'oka vifungo, sindano ikiwa imechomekwa kwenye kola, akakaa upande niliouacha.

"Hapa kuna mwanga mzuri," akasema.

"Upo."

Akaanza kushona, mimi nikaanza kutaja. Kimya, kama nilivyozoea.

"Sema tu, mama. Sauti hainisumbui."

Nikasema. Nilianza na wakubwa waliotangulia, nikaja kwa ndugu zangu, nikamtaja yeye mwenyewe akiwa pembeni yangu, na sindano haikusimama. Nikamtaja mpiga pasi. Sauti yangu ilizidi kupungua kadiri nilivyokuwa nakaribia mwisho, nami nilijua anaisikia ikipungua. Nikamtaja mtoto.

Uani, nguo zilikuwa zinadondosha maji.

Binti yangu alifunga fundo, akakata uzi kwa meno. Kazi ilikuwa imekwisha, vifungo vyote vipo mahali pake. Nikangoja ainuke. Alilikunja shati, akaliweka kando, akaiacha mikono mapajani ikiwa mitupu. Macho yake yalikuwa yamejaa na hakuyafuta.

Mbele ya duka mteja aligonga mlango, akagonga tena. Hatukuinuka.